Kumwandaa mtoto kwa intavyuu ya shule binafsi: mwongozo kamili kwa mzazi wa Dodoma

Binti yangu alitoka kwenye chumba cha intavyuu akitabasamu. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, upepo unazungusha vumbi uwanjani, sisi wazazi tumebanana chini ya mti mmoja na chupa za maji zilizokwisha. Nikamuuliza hesabu zimekwendaje. "Rahisi mama, nimejibu zote." Akanitajia swali mojawapo neno kwa neno, maana ana kichwa cha kushika: *Find the difference between 7005 and 2468*. "Ukajibuje?" "Nimeandika 7005 ni kubwa, 2468 ni ndogo."

Mtoto huyu alikuwa wa pili katika darasa la saba lenye watoto 94. Kutoa kwa kukopa alikuwa akiwafundisha wenzake. Angeona alama ya kutoa tu, 4537 ingekuwa imeshaandikwa. Lakini neno *difference* alilijua kuwa ni "tofauti", na tofauti ya namba zile ndiyo aliyoieleza. Kwa akili yake alijibu sawasawa. Jina lake halikutoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Dodoma kwa miaka 11, na siku ile iliniuma kwa sababu nilipaswa kuliona mapema. Tangu hapo nimewaandaa wadogo zake wawili na watoto kadhaa wa majirani zangu Nzuguni, na jambo lile lile limejirudia: mtoto wa kayumba, yaani shule ya serikali, haangushwi na hesabu, anaangushwa na lugha ya swali. Mwongozo huu nimeujenga juu ya hilo. Nimeuandika zaidi kwa mzazi mwenzangu ambaye mtoto wake yuko shule ya serikali, darasa la tano hadi la saba, na anataka kumpeleka kidato cha kwanza shule binafsi. Mwenye mtoto wa darasa la kwanza nimemwekea sehemu yake huko mbele.

Kabla ya shule, mfuko

Majina ya shule utayasikia kila mahali: kanisani, msikitini, saluni, ndani ya daladala la Mtumba. Kabla hujashika jina lolote, kaa na mwenzako mpige hesabu ya mwaka mzima, msiishie kwenye awamu ya kwanza. Andikeni ada, kisha chini yake vile ambavyo haviko ndani ya ada: fomu ya maombi, basi au bweni, chakula, sare za darasani na za michezo, sweta, vitabu, rimu za karatasi, bima ya afya, nauli za likizo. Zidisheni kwa miaka minne. Kama jumla inawanyima usingizi sasa, kidato cha tatu itawanyima zaidi, na mtoto anayerudishwa nyumbani kufuata ada kila muhula anapoteza kuliko aliyebaki shule ya kata akasoma bila kukatizwa.

Wazazi wakulima wana shida yao ya pekee. Mwenye shamba la zabibu Mpunguzi au Hombolo anapata pesa kwa misimu, mwenye mahindi Kongwa anauza Kibaigwa baada ya mavuno, na Januari mifuko ya wote wawili imekauka. Mfuate mhasibu wa shule kabla hujalipa chochote, umweleze. Shule nyingi hupokea ada kwa awamu, na baadhi hukubali ratiba inayofuata mavuno. Mkishakubaliana, omba makubaliano hayo kwa maandishi. Mhasibu anaweza kuhama, karatasi itabaki.

Kuichunguza shule

Uliza namba ya usajili. Shule ya sekondari iliyosajiliwa ina namba inayoanza na S, ya msingi inaanza na EM. Shule halali inaitaja bila kusitasita, tena mara nyingi imechapwa kwenye barua zake. Uliza pia kama ni kituo cha mitihani, au watoto wake hupelekwa kufanyia mtihani shule nyingine.

Halafu fungua tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, matokeo yote yako wazi. Wazazi wengi huangalia wastani wa kidato cha nne na kuishia hapo. Wewe fanya hivi: tafuta matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyo, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye, uhesabu tena. Kundi ni lile lile. Kama 90 walifanya kidato cha pili na 55 tu ndio wakafika kidato cha nne, muulize mkuu wa shule wale 35 walikwenda wapi. Wengine walihama na wazazi, jambo la kawaida katika mji wa watumishi kama huu. Lakini zipo shule zinazosafisha wastani wao kwa kuwaondoa watoto wa katikati, na mtoto wako anaweza kuwa wa katikati. Swali hili nimemwona mzazi mmoja akiliuliza kwa adabu kabisa, na majibu aliyopewa yalitosha kumfanya ageuze gari.

Nenda uione shule siku ya kawaida ya masomo, siyo siku ya mahafali. Nenda karibu na saa ya chakula cha mchana. Dodoma ni kame, kwa hiyo swali la maji liweke mbele: wana kisima, wana matanki mangapi, mgao ukikatika siku tatu watoto wanaoga nini? Ingia vyooni. Angalia mabweni yana milango mingapi na madirisha yana nondo za namna gani, kwa sababu ya moto. Zungumza na matroni au patroni, kwa kuwa usiku mtoto yuko mikononi mwake.

Kwa wadogo, kumbuka kwamba tangu Machi 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule inayokuambia "tutampokea tu, mama, usiwe na wasiwasi" kwa mtoto wa darasa la pili inakuonyesha mapema jinsi inavyochukulia maelekezo mengine pia.

Mwisho chagua shule tatu: unayoitamani, unayoimudu bila kujibana, na ya akiba. Shule tisa ni kumchosha mtoto na kutupa pesa za fomu.

Kalenda

Mwaka wa masomo unaanza Januari, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uko Septemba. Shule binafsi nyingi huanza kutoa fomu katikati ya mwaka na kufanya intavyuu Jumamosi, nyingine kabla ya Septemba, nyingine baada yake. Mimi hupendelea zile za baada, ili mtoto asigawanye kichwa chake wakati wa mtihani wa taifa.

Lugha ianze darasa la tano. Darasa la sita ongeza hesabu za kuonyesha njia. Darasa la saba, kati ya Januari na Juni, kusanya nyaraka na tembelea shule. Julai na Agosti chukua fomu. Wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa acha kabisa habari za intavyuu. Baada ya mtihani mpe mtoto siku nne au tano za kucheza, alale, aende kwa bibi yake, kisha mrudi kwenye mazoezi.

Mtoto wako akiwa katika kundi linalomaliza 2027, anza mapema zaidi. Mwaka huo darasa la sita la mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi ni miaka sita, linamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani, na wote wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Nafasi zitagombewa.

Nyaraka, hasa majina

Utahitaji cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, ripoti za shule za mwaka huu na uliopita, na matokeo ya darasa la nne au la saba kadiri yanavyohitajika. Anayeomba seminari, kwa mfano Bihawana hapa Dodoma, ajiandae pia kwa cheti cha ubatizo na barua ya paroko, na mtihani wa huko huwa na maswali ya dini. Shule za Kiislamu nazo huweza kupima elimu ya dini. Mtoto mwenye pumu, kifafa, selimundu au tatizo la macho, chukua taarifa ya daktari na uitoe mwenyewe. Kuficha kunamuumiza mtoto usiku wa manane bwenini, wakati hakuna anayejua la kufanya.

Shida kubwa ni majina. Cheti kimeandikwa jina la mtoto na la baba, shuleni aliandikishwa kwa jina la babu, kanisani ana jina la tatu. Toa cheti cha kuzaliwa cha RITA kabatini leo, kisha nenda kwa mwalimu mkuu umwombe akuonyeshe jina lilivyo kwenye mfumo wa PReM, ule wa NECTA unaotunza kumbukumbu za wanafunzi wa msingi. Herufi kwa herufi. Kurekebisha mtoto akiwa darasa la tano ni safari moja ya ofisini. Kurekebisha baada ya mtihani wa taifa ni hati za kiapo, foleni na miezi.

Mtoto anayehamia shule binafsi katikati ya elimu ya msingi, hakikisha uhamisho wake umefanyika ndani ya PReM pia. Nimeona watoto wanaosoma shule moja huku mfumo unawatambua shule nyingine, na jambo hilo hugundulika wakati wa usajili wa mtihani.

Lugha ya swali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mtoto wa Dodoma anayesoma shule ya serikali mara nyingi Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Nyumbani Kigogo, ukienda Kondoa ni Kirangi, Chemba utakuta Kisandawe. Shuleni na sokoni Kiswahili. Kiingereza anakutana nacho kwenye kipindi kimoja cha somo. Halafu Januari ya kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka. Intavyuu inampima kwa lugha hiyo kabla hajafundishwa kwayo. Kwa hiyo lengo lako si kumfanya aongee kama mtangazaji. Lengo ni aelewe anaulizwa nini. Na tafadhali usimkataze Kigogo na bibi yake kwa kudhani kinamharibia. Mtoto anayesimulia vizuri kwa lugha moja ana cha kusema akifika kwenye nyingine.

Anza na daftari la maneno ya maagizo. Chukua daftari dogo, kila ukurasa neno moja la Kiingereza la hesabu, chini yake Kiswahili, chini yake mfano mmoja uliofanywa na mtoto mwenyewe. *Sum* ni jibu la kujumlisha, *difference* la kutoa, *product* la kuzidisha, *quotient* la kugawanya, *remainder* ni baki. Kisha *even* kwa shufwa, *odd* kwa witiri, *prime* kwa namba tasa, *factor* kwa kigawo, *multiple* kwa kigawe, *perimeter* kwa mzingo, *area* kwa eneo, *average* kwa wastani. Watoto wetu KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) wanazijua vizuri sana, lakini ukimwandikia LCM anakuangalia kama umeandika Kichina. Mwambie ni ile ile KDS yake, utaona uso unavyofunguka.

Maneno matano kwa siku, siku tano za wiki, Jumamosi kuulizana. Usimuulize "product maana yake nini?" Mwambie "nipe product ya 12 na 15." Akijibu 180, neno limeingia. Akianza kukupa tafsiri, bado liko kwenye ulimi tu.

Kuna hazina ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtihani wa taifa wa Hisabati wa darasa la saba hutolewa kwa Kiswahili kwa shule zetu na kwa Kiingereza kwa shule za mchepuo wa Kiingereza, na maswali ni yale yale. Tafuta nakala zote mbili za mwaka mmoja, kwenye tovuti ya NECTA au stationeri zinazouza mitihani iliyopita, au azima kwa mzazi mwenye mtoto kwenye shule hizo. Zilaze mezani bega kwa bega. Mtoto asome swali la 1 kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, apigie mstari maneno yanayokutana. Siku ya kwanza usimwache akokotoe. Siku ya pili funika karatasi ya Kiswahili, afanye ya Kiingereza. Nimeona mtoto akitoka maswali 9 hadi 27 kwa wiki tano bila kufundishwa hesabu hata moja mpya.

Kusoma kwa sauti ni dakika 15 kila jioni, baada ya vyombo kuoshwa. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unaweza kuvifungua hata kwa simu. Kama wewe mwenyewe Kiingereza hukijui, usione haya, kaa hapo hapo. Asome aya moja kwa Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili ilikuwa inasema nini. Ukiona anaeleza kwa kukwepakwepa, mwambie arudie. Mama mmoja jirani yangu, anauza mboga, hajamaliza darasa la saba, alimwandaa mwanawe hivyo hivyo kwa mwaka mzima, na yule mtoto aliingia.

Kuandika, sasa. Karibu kila karatasi ya intavyuu ina insha fupi, na watoto wengi hukariri moja ya kujieleza: jina langu, umri wangu, chakula nikipendacho, rafiki yangu mpenzi. Walimu wanaosahihisha wameisoma mara mia. Mwambie mtoto aandike sentensi tano za jambo la kweli la leo: foleni ya ndoo kwenye kioski cha maji, mbuzi aliyeingia darasani, bodaboda aliyepata pancha. Halafu, hili ni la muhimu, sahihisha kosa la aina moja tu kwa siku. Binti yangu aliandika *My mother he is cooking*, nami nikataka kushika kichwa, mpaka nilipokumbuka kwamba Kiswahili chetu kinasema "anapika" bila kujali ni baba au mama. Mtoto hakuwa mzembe, alikuwa anafikiri kwa Kiswahili sanifu kabisa. Wiki ile tulishughulikia *he* na *she* peke yake. Wiki iliyofuata, vitenzi vya jana. Daftari lililojaa wino mwekundu linamfundisha mtoto kuandika kidogo zaidi, basi.

Hesabu za kuonyesha njia

Mtihani wa taifa wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua, na walimu wenzangu tunajua tunavyowazoesha watoto kuweka kivuli kwenye herufi. Karatasi nyingi za intavyuu zinataka njia. Mtoto aliyezoea kukokotoa kwenye kiganja na kuchagua C anakosa alama hata jibu likiwa sahihi. Kila siku maswali manne tu, lakini kila swali liandikwe kwa mistari: nilichopewa, ninachotafuta, njia, jibu na kizio chake. Kizio kinasahaulika sana. Eneo bila sentimita za mraba ni alama iliyoachwa mezani.

Mada zinazojirudia ni sehemu na desimali, asilimia, faida na hasara, wastani, mzingo na eneo, saa na tarehe, aljebra nyepesi, na mafumbo ya maneno. Baada ya mwezi, weka saa: maswali 20 kwa dakika 60, mfundishe kuruka lililomkwama na kulirudia mwishoni.

Sayansi na maarifa huwa sehemu ndogo. Daftari lake la shule na magazeti mawili matatu kwa mwezi yanamtosha.

Tuisheni je? Mwalimu mmoja mzuri wa Kiingereza, siku mbili kwa wiki, anafaa kuliko kambi ya watoto 60 wanaoimba majibu. Masomo yale ya baada ya Septemba, prifomu wani, yanasaidia kama yanafundisha lugha ya masomo ya sekondari. Uliza kwanza watafundisha nini. Mtu anayekuambia anayo "maswali yenyewe ya intavyuu" na anataka hela, mkimbie.

Maswali ya ana kwa ana

Tumewalea watoto wetu wasimkazie macho mkubwa, na ni malezi mema. Lakini mwalimu wa usaili akimuuliza mtoto jambo naye akaangalia vidole vyake vya miguu na kunong'ona, mwalimu anaandika "hajiamini" au "hajui". Kaa na mtoto umweleze wazi: hapa, kumwangalia mwalimu usoni unapojibu ndiyo heshima yenyewe. Atoe shikamoo akiingia, au salamu ya Kiingereza akisalimiwa hivyo, akae akiambiwa akae, ajibu kwa sauti inayofika mlangoni. Mfanyie mazoezi na mtu asiyemzoea, baba mdogo au jirani, maana kwako hataogopa.

Maswali ni ya kawaida: unaitwa nani, unatoka wapi, unapenda somo gani na kwa nini, kwa nini unataka shule hii. Hilo la mwisho asijibu "baba amesema". Mpeleke aione shule kabla, atapata jibu lake mwenyewe: ameona maabara, ameona uwanja wa mpira. Na mfundishe sentensi moja itakayomwokoa: *Please, may I hear the question again?* Kuuliza tena si kosa. Kukisia ndiko kunakomwangusha.

Shule nyingine huwahoji wazazi pia. Jibuni ukweli kuhusu ada na kuhusu tabia ya mtoto, na msimjibie mtoto anapoulizwa yeye.

Wa darasa la kwanza

Sera ya elimu inamweka mtoto awali akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Umri huo ataulizwa jina lake, rangi, kuhesabu vitu hadi 20, sauti za herufi, kusoma maneno mafupi, na kushika penseli. Mwandae kwa mchezo: ahesabu nyanya mnapozipanga, aandike jina lake mchangani kwa kijiti, mwambie hadithi naye akusimulie. Afundishwe kwenda chooni mwenyewe, kufunga vifungo, na kubaki na mtu mwingine kwa saa moja bila kulia. Hayo walimu wanayaangalia kuliko unavyodhani. Shule inayomkalisha mtoto wa miaka 5 kwa karatasi ya saa mbili, mimi ningemshika wangu mkono tukaondoka.

Siku yenyewe

Alale mapema, ale anachokula kila siku. Uji na viazi, si chipsi na soda za kumpongeza kabla. Penseli mbili zilizochongwa, kalamu mbili, rula, ufutio, maji, sweta kwa ajili ya upepo wa asubuhi. Mwenye pumu asiache dawa yake, vumbi la Dodoma miezi hiyo halina huruma. Anayetoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni alale kwa ndugu mjini, asisafiri alfajiri. Wa kwenda kufanyia Morogoro au Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza 2024 imerahisisha, ila kata tiketi mapema.

Akitoka, usimhoji swali kwa swali mbele ya wazazi wengine, kama nilivyofanya mimi. Mpe maji. Mtazungumza nyumbani.

Majibu, pesa na nafasi ya serikali

Akikosa, mwambie ukweli siku hiyo hiyo, wewe mwenyewe, asisikie kwa wenzake. Omba mwalimu wa taaluma akuambie alikwama wapi, wengine hukubali. Binti yangu alikuwa na intavyuu nyingine wiki tatu baadaye, shule tofauti. Wiki hizo tatu hatukugusa mada mpya. Tulikaa na maneno ya maagizo tu, jioni baada ya jioni, nami nikimwomba *difference*, *product* na *average* ya kila kitu kilichokuwa jikoni. Huko alichaguliwa.

Akipita, soma barua mpaka mwisho. Kuna tarehe ya kulipia nafasi, na mara nyingi inafika kabla Serikali haijatangaza uchaguzi wa kidato cha kwanza. Hapo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mtoto mwenye alama za juu anaweza kupangiwa shule ya vipaji maalumu, kama Msalato kwa wasichana wa hapa kwetu, na shule za serikali hazina ada hadi kidato cha nne tangu 2016. Kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kulipa: nikiondoa mtoto, ninarudishiwa kiasi gani? Lipa kwenye akaunti yenye jina la shule, utunze risiti. Usitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mwalimu wa udahili. Anayetaka chochote ili jina lipite, TAKUKURU wana ofisi hapa mjini.

Kuelekea Januari

Nunua vitu vya orodha kidogo kidogo kuanzia Novemba, maana wiki ya kwanza ya Januari bei ya tranka, godoro na ndoo pale Majengo inapanda. Jina liandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye ndoo, ndani ya tranka na chini ya viatu, na lishonwe kwenye kola za mashati na kwenye shuka. Mfundishe kufua sare yake, kutandika kitanda na kutunza pesa kidogo ya matumizi. Na daftari la maneno liwekwe juu kabisa ya nguo, pasipohitaji kupekua, lenye kurasa tupu za kutosha nusu yake, kwa sababu wiki ya kwanza mwalimu wa Baiolojia ataingia na maneno 20 mapya, wa Fizikia naye 20, na mtoto atayaandika humo humo, chini ya *difference*.